BARABARA YA VIWANDANI SI YA MALORI PEKE YAKE

Ndugu wanachama, nanyi wafanyakazi wenzetu ambao bado hamjachukua kadi,

Maneno ya kutengeneza barabara za viwandani hapa Athi River hayaishi. Kila wakati wa bajeti husikika tena, na kila mara husemwa hivi: barabara zipanuliwe, ziwekwe lami nzito, ili malori makubwa yapite bila taabu. Sisi hatupingi lami. Mtu wa Athi River akipinga lami amerogwa. Lakini tumeyasikiliza maneno hayo kwa makini, na ndani yake hatujasikia hata neno moja juu ya mtu aendaye kwa miguu. Hutajwa lori, hutajwa tela, hutajwa mzigo na tani zake. Mfanyakazi hatajwi. Basi twasema yetu mapema, kabla kokoto ya kwanza haijamwagwa, maana lami ikishashindiliwa hakuna mtu atakayeifumua kwa ajili ya miguu yetu.

Kwanza tukumbushane jinsi malori yalivyofika, kwa sababu vijana wengi hudhani yamekuwapo siku zote. Mji huu ulianza kando ya reli iliyofika Nairobi mwaka 1899. Kampuni ya nyama ya serikali iliundwa mwaka 1950, na simiti ikaanza kutengenezwa hapa katika miaka hiyo hiyo ya 1950. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 1990, likaja eneo la viwanda vya kuuza mali nchi za nje, lile tunaloliita EPZ, nalo likaleta maelfu ya dada zetu na kaka zetu wa cherehani. Zamani mzigo mzito ulipita juu ya chuma. Reli ikaachwa ichakae. Mwaka 2006 ikakodishwa kwa kampuni ya watu binafsi, na mwaka 2017 mkataba huo ukavunjwa. Mwaka huo huo wa 2017 reli mpya ya kutoka Mombasa ikafunguliwa, nayo yapita karibu nasi, lakini simiti ya kwenda Machakos, Kitui na Kajiado haipandi gari la moshi. Mzigo haukungoja wakubwa wamalize kuzungumza. Ulishuka kutoka relini, ukapanda lori, ukaingia katika vijia vya nyuma ya viwanda ambavyo havikukusudiwa kubeba zaidi ya gari dogo.

Na uzito wake si mchezo. Lori moja la tela hubeba tani 28 za simiti, yaani mifuko 560 ya kilo 50. Wapakizi wetu huijua hesabu hiyo kwa mabega. Sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki yaruhusu gari lenye ekseli saba kufika tani 56, gari na mzigo wake pamoja. Sasa weka uzito huo juu ya udongo wetu. Udongo wa uwanda huu wa Athi ni mweusi, ule ulioshikamana na viatu vyako mwezi wa Aprili mpaka ukadhani umevaa viatu vya mtu mwingine. Mvua ikinyesha huvimba. Jua likiwaka hunywea na kupasuka nyufa ambazo mkono waingia. Ukimwaga lami juu ya udongo huo bila kuuondoa na kuweka udongo mwingine mzuri, au bila kuutia chokaa mpaka ushikane, umetupa fedha. Misimu miwili ya mvua na mashimo yamerudi. Hili si jambo la siri. Kila fundi wa barabara alijua, na kila kontrakta alijua. Mwenye kuweka lami nyembamba juu ya udongo mweusi hakukosea hesabu; ajua kwamba atarudi kulipwa tena.

Liko jambo jingine la hesabu ambalo yafaa kila mwanachama alijue, hasa dereva. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Wamarekani walikuwa na barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, wakawaweka askari kuendesha malori juu yake, kuzunguka na kuzunguka, ili waone barabara huvunjwa na nini. Wakaona kwamba uharibifu haupandi sawasawa na uzito. Ekseli ikibeba mara mbili ya uzito, barabara haiharibiki mara mbili, bali karibu mara 16. Kwa sheria yetu ekseli moja ya magurudumu manne imeruhusiwa tani 10. Tajiri akiipakia tani 13, yeye aona ameongeza tani 3 tu, lakini barabara imeumia karibu mara tatu. Motokaa ndogo ya mwalimu au ya daktari yaweza kupita hapo maelfu ya mara na barabara isijue kwamba imepitwa. Kwa hiyo tukiambiwa kwamba barabara zimeharibiwa na mvua, au na wenye vibanda kando ya njia, au na boda boda, tujue kwamba tunadanganywa. Barabara ya viwandani huvunjwa na mzigo uliozidi, na mzigo uliozidi una mwenyewe.

Hapa lazima tuseme na ndugu zetu madereva bila kuficha. Wako wanaosema: chama kikipigania sheria ya uzito, chatuondolea mkate, kwa sababu sisi hulipwa kwa safari, na tajiri apenda dereva asiyeuliza maswali mbele ya mzigo. Twawaelewa. Lakini tazameni nani hushikwa pale kwenye mizani ya Mlolongo. Tajiri yuko ofisini mwake. Karani aliyeandika hati ya mzigo yuko ghalani. Aliyesimamishwa juani, akakaguliwa, akalala chini ya tela siku mbili bila maji, ni dereva na utingo wake. Wengine hukatwa faini hiyo katika mshahara, kidogo kidogo, mpaka mwaka unakwisha. Kisha barabara ikishavunjika, ni springi za nani zakatika, na ni nani hutambaa chini ya lori matopeni usiku? Siku ambayo lori limezama mbele ya geti, wapakizi wanaolipwa kwa tani hukaa chini ya mti mpaka jioni na kurudi nyumbani mikono mitupu. Mzigo uliozidi humpa tajiri faida ya siku moja na kutuibia sisi sote mwaka mzima. Chama chataka dereva alipwe mshahara wa kueleweka, si kwa kuhatarisha ekseli, na chataka mizani iwe ndani ya geti la kiwanda, ili gari lipimwe kabla ya kutoka na mwenye mzigo ajibu mwenyewe.

Sasa tufike kwenye miguu, maana ndiko kunakotuuma zaidi.

Simama kwenye barabara yoyote ya viwandani saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Zamu ya usiku yatoka, zamu ya asubuhi yaingia. Wengi wetu twaenda kwa miguu kutoka mitaani, kwa sababu nauli ya matatu mara mbili kwa siku hula chakula cha watoto. Lori lina upana wa karibu mita 2 na nusu. Malori mawili yakikutana yamekwisha kula mita 5 za barabara, na yataka nafasi ya kupishana. Ukijenga lami ya mita 6 au 7 na kuishia hapo, umeweka mahali pa malori mawili, na mtu amebakiziwa mtaro. Kando ya mtaro ule yameegeshwa malori mengine yanayongoja kupakia, kwa mstari, mchana na usiku, kwa sababu matajiri wameona ni rahisi kugeuza barabara ya wote kuwa uwanja wao wa kuegesha. Kwa hiyo dada yetu wa zamu ya usiku hutembea katikati ya gari lililosimama na gari linalokwenda, gizani, na vumbi machoni.

Twajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa: subirini kwanza lami, njia ya miguu itafuata fedha zikipatikana. Hata baadhi ya wanachama wetu wasema hivyo, wakidhani ni busara kushika kinachotolewa. Ndugu zetu, fikirini tena. Leo barabara ni mbovu, na kwa sababu ni mbovu lori laenda mwendo wa ng'ombe, likiyumba shimo hadi shimo. Latupaka vumbi, latumwagia matope, latuharibia vifua, lakini mara nyingi mtu aweza kulikwepa. Kesho mtaifanya laini kama sakafu ya benki. Lori lile lile litapita kwa kilomita 60 au 80 kwa saa, na mtu yupo pale pale alipokuwa. Kabla ya lami alikuwa na vumbi. Baada ya lami hana hata nafasi ya kuruka. Katika nchi hii watu zaidi ya 4,000 hufa barabarani kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote katika hao ni waendao kwa miguu. Barabara nzuri isiyo na njia ya miguu haipunguzi hesabu hiyo. Yaiongeza. Kwa sababu hii twasema kwamba kuweka lami bila njia ya miguu si nusu ya maendeleo, ni hatari mpya iliyoletwa kwa fedha zetu wenyewe.

Matajiri nao wana jibu lao, na limekuwa la namna moja tangu tulipoanza kulisikia: wajibu wangu unaishia getini. Ndani ya geti wataka uvae kofia ngumu na buti, wameweka mistari ya njano sakafuni, wameandika vibao vya usalama kwanza, na mgeni haingii bila kutia sahihi. Hatua moja nje ya geti, yote hayo yamekwisha. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye mahali pa kazi aweke njia salama ya kuingia na kutoka, pale palipo chini ya mamlaka yake. Na sheria ya fidia ya mwaka huo huo yamhesabu mfanyakazi kuwa kazini anapobebwa na gari lililotolewa na mwajiri. Anayekwenda kwa miguu yake mwenyewe hana ngao hiyo. Akigongwa hatua kumi kutoka getini, na gari lililobeba mali aliyoitengeneza kwa mikono yake, ataitwa mpita njia.

Twauliza: kama wajibu waishia getini, mbona amri haziishii getini? Ni nani apangaye malori yafike saa ngapi? Ni nani aliyaambia yangoje nje? Ni nani alipanga zamu ibadilike saa ile ile ambayo magari kumi yaingia kupakia? Hayo yote yamo katika mamlaka ya kiwanda. Kiwanda kikitaka, kesho asubuhi chaweza kuamuru lori lolote lisiingie wala kutoka kwa nusu saa wakati wa kubadilisha zamu, na jambo hilo halihitaji hata mfuko mmoja wa simiti. Yafaa liingizwe katika mapatano yetu na waajiri, pamoja na mshahara na likizo, wala tusione haya kulileta mezani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya hali nzuri ya kazi. Hali ya kazi ya mtu huanza afungapo mlango wa nyumba yake.

Kisha fedha. Hapa ndipo tunapofumbwa macho kwa maneno makubwa. Mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya kilomita 27, sehemu yake ikipita juu ya nguzo, kutoka hapa jirani Mlolongo mpaka Westlands. Tutaambiwa ile ilijengwa na kampuni, nayo yalipiwa na wapitao. Vyema. Na hizi zetu je, zalipiwa na nani? Kila lita ya petroli na dizeli hutozwa ushuru wa kutunza barabara. Tangu mwaka 2016 ulikuwa shilingi 18. Julai 2024 ukapandishwa kuwa shilingi 25. Mwaka 2025 shilingi 7 katika hizo 25 zikawekwa rehani, ili zipatikane fedha za kulipa wakandarasi waliokuwa wakidai madeni ya zamani. Mfanyakazi hana lori, lakini hupanda matatu, na unga alao ulikuja kwa lori, na mafuta ya taa, na sukari, na sare ya mtoto. Ushuru ule umo ndani ya kila kimoja. Basi asitoke mtu kutuambia kwamba barabara ni fadhili ya matajiri, au zawadi ya mheshimiwa fulani aliyekuja kukata utepe. Tumekwisha kuilipia. Nchi iliyoweza kuinua barabara juu ya nguzo haiwezi kutuambia imeshindwa na mita 2 za njia ya miguu chini ardhini. Na huu ni mji wa simiti! Usiku na mchana vinu vyasaga, mifuko yatoka kwa maelfu kwenda kujenga kwa watu, na sisi twavuka matope juu ya mawe kama mbuzi.

Ukiuliza barabara fulani ni ya nani, jitayarishe kwa safari. Sheria ya mwaka 2007 ilianzisha mamlaka tatu za barabara: ya barabara kuu, ya mijini na ya vijijini. Tangu mwaka 2013 ziko serikali za kaunti, nazo zina barabara zao. Sisi tulikwenda na barua yetu ofisi ya kwanza, tukaambiwa si yetu, nendeni ya pili. Ya pili wakatuonyesha ramani na kusema mpaka wao umeishia kwenye mzunguko. Ya tatu karani aliipokea barua, akaigonga muhuri, na tangu hapo muhuri ndilo jibu. Hatuzitaji ofisi hizo, kwa kuwa makarani wake nao ni wafanyakazi na hawakuumba mambo haya. Lakini twataka jibu moja la maandishi juu ya kila barabara ya viwandani: ni ya nani, na anayepaswa kuitunza ni nani.

Tutaambiwa pia kwamba vikao vya wananchi juu ya bajeti vilifanyika na sisi hatukuja. Ni kweli hatukuja. Kikao huitwa Jumanne saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi Jumanne wafanyakazi wa Athi River wako kwenye mashine, na ambaye ataomba ruhusa ya kwenda kuzungumza habari za mitaro, mnyapara atamwambia asirudi. Waliohudhuria ni wenye viwanda, au watu wao, na wenye mashamba kando ya barabara. Si ajabu basi kwamba lori lilitajwa na mtu hakutajwa. Vikao viwekwe Jumapili mchana, au jioni baada ya zamu, tena hapa viwandani, nasi tutajaza uwanja.

Twataka barabara nzito kweli kweli: udongo mweusi uondolewe au utiwe chokaa, na mahali ambapo malori husimama na kugeuka, mbele ya mageti, pawekwe zege badala ya lami, kama ilivyofanywa Barabara ya Mbagathi kule Nairobi. Twataka njia ya miguu pande zote mbili, iliyoinuliwa na kutengwa kwa ukingo wa mawe ambao lori haliwezi kuupanda, na ijengwe pamoja na lami katika mkataba mmoja, si baadaye. Twataka mitaro ifunikwe. Twataka taa, na zikizimika pawe na mtu wa kuuliza. Twataka matuta mbele ya kila geti na mahali pa kuvukia. Malori yanayongoja yaingie katika uwanja wa kiwanda kinachoyaita, na uwanja huo uwe na choo na maji kwa ajili ya madereva. Na wale mama wauzao githeri na chapati nje ya mageti wapewe mahali pao kabla ya tingatinga kufika, maana hakuna kiwanda hata kimoja kitakachotupikia kwa bei yao. Vibarua wa kazi hiyo watoke hapa hapa, wapewe buti na glavu, na walipwe kila juma.

Wahandisi kabla ya kujenga barabara huhesabu magari. Humweka kijana kando ya njia na daftari, akaandika malori mangapi, matatu ngapi, motokaa ngapi, na kwa hesabu hiyo hukata unene wa lami. Kwa hiyo nasi tutahesabu. Kila tawi lichague watu wawili. Kwa juma zima, wakati wa zamu ya asubuhi na wakati wa zamu ya usiku, wasimame getini na kuandika idadi ya watu walioingia na kutoka kwa miguu, na idadi ya malori yaliyopita katika saa hiyo hiyo. Karatasi za kuandikia zipo kwa katibu wa tawi. Zijazwe kwa kalamu ya wino, zitiwe sahihi, na ziletwe ofisini kabla ya Jumamosi. Mwenye zamu ya usiku asilete mwenyewe. Ampe mwakilishi wa kiwanda chake, akalale.